Wodi Si Korokoro

Mara nyingi mama mjamzito huniambia: "Daktari, nitajifungulia nyumbani. Nikikosa pesa hospitalini watanizuilia." Hofu hiyo inaua, kwani mama anayevuja damu baada ya kujifungua huweza kufariki katika muda wa saa mbili tu.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili kulikiuka haki zao. Deni ni deni, lakini lidaiwe kisheria, si kwa kufunga lango. Sisi madaktari tusikubali wodi igeuzwe korokoro.

Nawe mama, uchungu ukianza usingoje, nenda hospitali. Ukishapona, andikishana nao jinsi utakavyolipa kidogo kidogo.