Njia ya treni isiyo na treni

DIRISHA LA JUMAPILI
Na Zuhura Mdoe

Ukitaka kujua kama nchi inamheshimu mwendesha baiskeli, usisome vipeperushi vya utalii. Tazama gari linavyompita. Sheria ya Hispania inamtaka dereva aache nafasi isiyopungua mita moja na nusu kati yake na baiskeli, na kama barabara ina njia mbili au zaidi za upande mmoja, ahame kabisa. Sharti hilo la kuhama kabisa liliongezwa mwaka 2022. Katika milima ya Andalusia lori la mifugo liliwahi kunifuata nyuma taratibu, kona baada ya kona, mpaka tulipofika penye nafasi ya kutosha. Dereva hakupiga honi hata mara moja. Kwa mimi niliyejifunza baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro, nikishuka kwenye mchanga kila niliposikia basi, ule ulikuwa ustaarabu ambao sikujua kwamba unawezekana.

Hata hivyo, barabara siyo niliyoikusudia leo. Nataka kuzungumzia njia ambazo gari haliruhusiwi kufika.

Wahispania wanaziita Vías Verdes. Ni reli zilizokufa: vyuma na mataruma vimeng'olewa, tuta likasawazishwa na kushindiliwa, na mahali palipokuwa pa treni sasa pamekuwa pa baiskeli na watembea kwa miguu. Mpango huo ulianza mwaka 1993, ukisimamiwa na wakfu wa reli wa taifa. Wakati huo nchi ilikuwa na zaidi ya kilomita 7,600 za reli zisizotumika, nyingine zilifungwa kwa sababu hazikulipa, nyingine hazikuwahi kukamilika. Leo zaidi ya kilomita 3,000 zinapitika kwa baiskeli. Na uzuri wake kwa mnyonga baiskeli ni huu: treni haiwezi mlima. Mhandisi wa reli alilazimika kuuzunguka, kuutoboa au kuruka bonde kwa daraja, na mwinuko ni nadra kuzidi asilimia tatu. Mtu mwenye umri wa babu yangu anaweza kuvuka safu ya milima akiwa amekaa kwenye tandiko, akiongea na mwenzake bila kukata pumzi.

Njia ya Sierra, kati ya Olvera na Puerto Serrano, ndiyo inayonigusa zaidi. Ina kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja makubwa manne. Reli hiyo ilianza kujengwa miaka ya 1920, enzi za Jenerali Primo de Rivera, ili iunganishe Jerez na Almargen. Fedha zikakauka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, mradi ukatupwa. Hakuna treni hata moja ya abiria iliyowahi kupita pale. Watu walipasua miamba ile na kusimamisha stesheni, na stesheni hazikupata wa kumkatia tiketi. Waliokula jasho lao ni sisi, miongo mingi baadaye, tunaopita na chupa ya maji na mkate wenye jibini kwenye mfuko wa keria.

Handaki refu kuliko yote pale linakaribia kilomita moja. Unaingia kutoka kwenye jua la saa saba mchana na baridi inakupiga kifuani kama mlango wa friji uliofunguliwa. Maji yanadondoka kutoka darini, tone moja moja, mengine yanakupata shingoni. Macho yanachelewa kuzoea, kwa hiyo unapunguza mwendo na kuamini taa yako. Masikio ndiyo yanayofanya kazi: changarawe chini ya tairi, mnyororo unaohitaji mafuta, na kwa mbali sauti za watoto wanaokuja upande wa pili wakipiga kelele ili wasikie mwangwi. Ukitoka, mbele yako kuna jabali la Zaframagón, na juu yake tumbusi wanazunguka bila kupiga bawa. Ni moja ya makazi makubwa ya ndege hao Andalusia. Tumbusi ni ndege mzito. Akipita chini chini unasikia upepo ukikatwa na manyoya yake, jambo ambalo kwenye barabara ya magari usingeweza kulisikia.

Kaskazini mashariki kuna njia ndefu kuliko zote, ile ya Ojos Negros, zaidi ya kilomita 160 kutoka nyanda za juu za Teruel kuelekea bahari ya Mediterania karibu na Sagunto. Historia yake ni ya chuma. Kampuni ya madini ya Sierra Menera ilishindwa kuelewana bei ya usafirishaji na kampuni iliyokuwa tayari na reli bondeni, basi ikajenga ya kwake, sambamba na ile ya kwanza, na ikaanza kushusha mawe ya chuma mwaka 1907. Ilifungwa mwaka 1972. Ile nyingine ipo hai hadi leo, ndiyo ya Valencia, Teruel na Zaragoza, na msafiri mwenye akili hupanda na baiskeli yake kwenye treni hiyo hadi Teruel, kisha hurudi pwani kwa pedali. Baada ya mlima wa Escandón, sehemu kubwa ni mteremko mwepesi: kwanza misonobari na ngano, kisha mizeituni na milozi, mwisho mabustani ya machungwa.

Ukimya wa huko juu una historia yake, na si haki kuufurahia bila kuijua. Kuanzia miaka ya 1950 vijana walihama vijiji vile kwa maelfu, wakaenda Barcelona, Valencia, Madrid, wengine Ujerumani, Ufaransa na Uswisi. Mkoa wa Teruel leo una watu kama tisa tu kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa Hispania nzima unazidi tisini. Mwandishi Sergio del Molino aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 2016, na jina la kitabu, linalosema Hispania tupu, likawa usemi wa kila siku. Wenyeji wa Teruel walikuwa wameshaanza kupaza sauti tangu 1999 kupitia vuguvugu waliloliita Teruel Existe, yaani Teruel ipo. Mwaka 2019 waliingia bungeni, na kura yao moja ikawa na uzito mkubwa wakati serikali mpya ilipopitishwa Januari 2020 kwa tofauti ya kura mbili.

Katika kijiji kimoja cha huko niliwaona wazee wanne wamesimama uwanjani na mifuko ya kitambaa, hawaongei sana. Kijiji hakina duka. Honi ikasikika, gari dogo la mwoka mikate likaingia, mlango wa nyuma ukafunguliwa, harufu ikatuzunguka sote. Walinunua, wakaulizana habari za mgonjwa fulani, wakaenda zao. Dakika kumi hivi, na huo ndio mkutano wao mkubwa wa siku. Mama mmoja aliyeniona na kofia ya baiskeli aliniuliza natoka wapi, kisha akaniambia, bila uchungu, kwamba wanawe wote watatu wako Valencia.

Ndiyo maana nina msimamo juu ya jambo ambalo wapenzi wa baiskeli wengi hulikwepa. Huko Baza, mkoa wa Granada, reli ya kwenda Lorca ilifungwa mwaka 1985, na sehemu zake sasa ni njia ya baiskeli. Wenyeji hawajaacha kudai treni yao irudi. Hali ni hiyo hiyo kwenye reli ya zamani ya magharibi, kati ya Plasencia na Astorga, ambako kuna wanaoona njia ya kijani kuwa ni kaburi lililopandwa maua. Mimi niko upande wao. Mahali watu wanapohitaji treni ili mtoto afike chuoni na mgonjwa afike hospitali, baiskeli yangu ipishe.

Lakini nawaomba nao waone kitu kimoja. Ardhi ya reli hizi kwa kawaida imebaki mali ya umma: shirika la miundombinu ya reli la taifa huzikodisha kwa mikoa na halmashauri, ambazo huzitunza. Tuta ambalo halitumiki na mtu yeyote humegwa kidogo kidogo. Huyu anasogeza uzio, yule anajenga banda, na baada ya miaka ishirini hakuna reli wala njia. Baiskeli zinapopita kila wiki, tuta linabaki zima na daraja linakaguliwa. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuunga mkono njia hizi, kubwa kuliko afya na kuliko mandhari: zinailinda njia ya umma mpaka wenyewe waamue wanaitakia nini.

Ndugu zangu mnaosoma safu hii mkiwa Ulaya, mnaokwenda Hispania kila kiangazi kwa ajili ya fukwe na uwanja wa Barcelona, safari ijayo geukeni bara. Nendeni Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba. Julai Andalusia hufikia nyuzi 40 na si wakati wa kunyonga. Chukueni taa kwa ajili ya mahandaki. Maji jazeni kwenye mabomba ya uwanjani vijijini, mkihakikisha kibao hakisemi “no potable”, maana hayo si ya kunywa. Fungeni kengele, kwa sababu wazee hutembea pale jioni na hawatarajii mtu kuja nyuma yao kimya kimya.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msibebe chakula cha siku tatu kutoka duka kubwa la mjini. Laleni kijijini, nunueni mkate kwenye lile gari la honi, kuleni chakula cha mchana kwenye baa pekee iliyobaki hata kama bei imezidi kidogo. Na mkimkuta mtu wa Baza anakusanya saini za kudai treni, mwombeni kalamu.