Besi Imo Chumbani, Sabufa ya Nini?

Nasikia mkutano ujao kamati itatuomba turuhusu paundi 180 zitoke kwenye mfuko wetu, zikanunue sabufa kubwa ya chumba cha Ijumaa, eti kwa sababu "mziki hausikiki". Mimi nitapiga kura ya hapana, na naomba mnisikilize kabla hamjanyoosha mikono.

Mziki unasikika, bwana. Ila unasikika vibaya, na hayo ni mambo mawili. Ukikaa kwenye lile kochi kubwa pale katikati, gitaa la besi linapotea kabisa. Ukisimama nyuma karibu na ukuta, besi inakuvuma mpaka kifuani. Spika ni zilezile, wimbo ni uleule. Sasa sabufa ina kosa gani hapo?

Mniwie radhi, nitaleta hesabu kidogo, ndiyo kazi iliyonileta huku. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Sauti nzito yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita 8.6. Chumba chetu kina urefu wa mita 4.3, yaani nusu ya wimbi hilo barabara. Basi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja, na mwisho linasimama palepale: kwenye kuta limejaa, katikati limekufa. Na ule uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa mitetemo 41! Kwa hiyo zile nyimbo za Franco na TPOK Jazz, ambazo besi ndiyo inayowatembeza wachezaji, tumewakalisha wageni wetu mahali ambapo noti hiyo haifiki. Aliyepanga lile kochi ana ufundi wake, jamani.

Mtasema tuongeze nguvu. Haisaidii. Ukiongeza sauti inayokwenda, inayorudi nayo inaongezeka kwa kiasi kilekile, na pale katikati zinaendelea kufutana. Ekolaiza ni hivyohivyo: inafaa kupunguza palipovimba, haiwezi kufufua palipokufa. Ndiyo maana mtu akisukuma kitufe cha besi mpaka mwisho, sote tunaishia kusikia mvumo tu na maneno ya mwimbaji hayashikiki. Taarab ndiyo inaumia zaidi, maana pale bila maneno umebaki na nini?

Kwa hiyo tuanze na yasiyo na gharama. Kochi lirudi nyuma kama mita moja, lisibandikwe ukutani. Zile spika ndogo zitoke sakafuni nyuma ya kabati, zipande mpaka usawa wa masikio, maana sauti nyembamba hupenda njia iliyonyooka. Nyaya nazo zikaguliwe: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi inafia hewani.

Hii sabufa ndogo tuliyo nayo ina dawa yake, japo ni ya kuchekesha. Iweke juu ya kochi, mahali utakapokaa. Piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa kandokando ya kuta kichwa kikiwa chini. Utakapoona noti zote zinasikika sawasawa, hapo ndipo sabufa ikae. Kona huongeza besi, kweli, lakini mara nyingi huivimbisha noti moja au mbili tu. (Na trei za mayai mnazotaka kubandika ukutani, acheni. Wimbi la mita nane haliogopi trei.)

Kuna jingine. Sauti nzito hupenya kuta kirahisi kuliko nyembamba, na nyumba hizi zinashikana ukuta kwa ukuta. Jirani hasikii gitaa wala mwimbaji, anasikia du-du-du. Hapa Uingereza kuna Sheria ya Kelele ya 1996: kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, halmashauri inaweza kutoa onyo, ikapiga faini, na hata kuchukua vyombo. Tununue sabufa ya paundi 180 ije ibebwe na halmashauri?

Na mfuko huo ndio unaowanunulia makoti wageni wanaofika Oktoba na shati la mikono mifupi. Mnawajua. Wengine wetu tulikuwa hao.

Jumamosi kabla ya mkutano nitakuwa pale saa nne asubuhi na futi ya kupimia. Nahitaji watu wawili wa kubeba kochi na mmoja asiyeona aibu kutambaa. Kamati nayo ije, ikae pale nyuma, isikilize. Baada ya hapo tupige kura.