Aliyetolewa Kabla ya Kukimbia



Wapendwa Taifa la Mungu, Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, niliyasoma majina ya vijana wetu waliofaulu mtihani wa kidato cha nne. Kanisa lilijaa makofi na vigelegele. Baadaye, sakristia, kijana mmoja mtumikiaji aliniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, na sisi ambao hatukusomwa?" Sikuwa na jibu. Swali hilo limenifuata juma zima, nalo limenikumbusha mwanariadha mmoja wa Korea Kusini, Kim Kuk-young.

Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 19, Kim aliivunja rekodi ya taifa lake ya mita 100. Rekodi hiyo ya sekunde 10.34 iliwekwa na Seo Mal-gu mwaka 1979, ikadumu miaka 31. Siku hiyo moja Kim aliivunja mara mbili, kwanza kwa sekunde 10.31, kisha kwa 10.23. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia yalifanyika nchini mwake, katika jiji la Daegu. Fikirini matumaini ya wenyeji! Lakini katika mchujo wa awali kabisa Kim aliondoka kabla ya mlio wa bastola, na kwa kanuni iliyoanza mwaka 2010, kosa moja tu la namna hiyo humtoa mtu mashindanoni. Alitolewa mbele ya watu wake, hata kabla ya kukimbia.

Kesho yake Usain Bolt naye alitenda kosa lilo hilo katika fainali. Dunia nzima inalikumbuka kosa la Bolt, kwa kuwa Bolt alikuwa na medali za kutosha kulifunika. Kim hakuwa na medali. Alikuwa na aibu yake, na mazoezi ya kesho yake.

Akayarudia mazoezi. Mwaka 2015, katika michezo ya vyuo vikuu vya dunia huko Gwangju, alikimbia kwa sekunde 10.16. Mwaka huo huo, katika mashindano ya dunia ya Beijing, aliishia raundi ya kwanza. Mwaka 2016 aliishia raundi ya kwanza tena, katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alishusha rekodi yake hadi 10.07, na huko London akawa Mkorea wa kwanza kufika nusu fainali ya mita 100 katika mashindano ya dunia. Katika nusu fainali hiyo alishika nafasi ya mwisho. Mwaka 2018, katika Michezo ya Asia, alifika fainali akawa wa nane.

Mwenye kuhesabu dhahabu peke yake atasema mtu huyu alipoteza muda. Mimi nasema sivyo. Mwaka 2023 huko Hangzhou, akiwa na umri wa miaka 32, Kim na wenzake watatu walipata medali ya shaba katika mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, kwa sekunde 38.74. Wakorea walikuwa hawajaipata medali ya Michezo ya Asia katika mbio hizo tangu mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, katika mashindano ya Asia yaliyofanyika Gumi, Korea ilitwaa dhahabu kwa sekunde 38.49. Kim hakuwamo. Lakini wawili kati ya wale wanne, Lee Jae-seong na Ko Seung-hwan, walikuwa wamekimbia pamoja naye Hangzhou. Kijiti hupita mikononi mwa wengi kabla ya kufika mwisho.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji kwa sababu waliwafahamu, kwani michezo mikubwa ilifanyika karibu na mji wao. Anakiri kwamba uwanjani tuzo hupewa mmoja, na bado anawahimiza wote wapige mbio. Kwa nini? Kwa sababu taji analolisema yeye halipungui kwa kugawanywa.

Pengine mtasema: "Padre anataka tuwasifu wavivu." Hapana. Saa ya uwanjani haidanganyi, na mtihani nao ni mtihani. Waliofaulu wanastahili makofi yao, wala siwanyang'anyi. Ninachokikataa ni sisi, familia ya Mungu, kuchukua kipimo cha uwanjani na kukifanya kipimo cha mtoto. Mzazi anayemficha ndani binti yake kwa sababu ya matokeo amemtoa mashindanoni kabla hajakimbia. Nami niliyesoma orodha ile nusu nilifanya vivyo hivyo mbele ya altare. Ninawaomba radhi.

Jumapili ijayo nitawaita mbele vijana wote waliofanya mtihani ule, bila kutaja alama, tuwaombee na kuwabariki. Wazazi, msiwaache nyumbani. Na wewe mwanangu uliyeniuliza sakristia, njoo uvae kanzu yako na kushika chetezo kama kawaida. Mbio zako hazijaisha.

Mungu awabariki nyote.