Kabla ya Kikao cha Kwanza cha Unasihi

Mgonjwa anayepelekwa kwa mnasihi katika kituo cha afya huko Mlimba huweza kupewa maelezo ya sentensi moja tu: nenda ukapate ushauri. Neno hilo lina historia yake. Tangu vituo vya Angaza vilipoeneza upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI katika miaka ya 2000, Watanzania wengi wamelijua jina la ushauri nasaha kupitia majibu ya damu. Mama anayeambiwa leo kwamba huzuni isiyomtoka tangu ajifungue inahitaji ushauri ana haki ya kushuku kwamba kuna jibu baya analofichwa. Mwingine hutarajia nasaha za mzee wa ukoo: aonyeshwe alipokosea, kisha arudi nyumbani. Wa tatu husubiri sindano. Wasiporudi kwa kikao cha pili huitwa wakaidi, ilhali kosa lilianzia kwa aliyewaelekeza bila kuwaeleza.

Kinachofanyika chumbani si fumbo. Kikao cha kwanza huchukua takribani dakika 45 hadi saa moja, na sehemu kubwa ni maswali. Mara nyingi yatakuwamo maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakifurahisha. Huo si mtihani. Mgonjwa halazimiki kusimulia yote siku hiyo. Anaweza kusema, "hilo bado," na mnasihi mwenye ujuzi ataliacha. Huenda akatoka amechoka kuliko alivyoingia, hasa ikiwa amelia, na ni vyema alijue hilo mapema asije akadhani amedhurika.

Nafuu huja kwa vikao kadhaa. Jijini Harare, Benchi la Urafiki lililoanzishwa mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda huwapa wagonjwa hadi vikao sita na wahudumu wa jamii waliofunzwa, wengi wao akina bibi. Mgonjwa huchagua tatizo moja, nao hulitafutia njia pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kwa wagonjwa hao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Akina bibi hao hawana shahada ya udaktari, jambo ambalo wataalamu wangepaswa kulitafakari bila kuona wivu.

Swali la tisa ndilo zito: mawazo ya kufa au kujidhuru. Wako wahudumu wanaoliruka wakihofia kumtia mtu wazo. Hofu hiyo haina msingi. Kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu kujiua. Hofu ya mgonjwa ndiyo yenye msingi, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. (Kwa jirani, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba.) Basi mgonjwa aambiwe wazi, kabla ya kuulizwa, kwamba kuwa na wazo si kosa. Aelezwe pia mpaka wa siri: anayoyasema hubaki chumbani, isipokuwa pale uhai wake au wa mwingine unapokuwa hatarini. Kumwahidi siri isiyo na mpaka ni kumdanganya.

Katika mji mdogo, mnasihi aweza kuwa mwanakwaya mwenzake au jirani wa dada yake. Mlango ufungwe, na benchi la wanaosubiri lisogezwe mbali na dirisha. Akiomba mnasihi mwingine apewe, hata kama ni huko Ifakara, na asihojiwe sababu.

Liko jambo la mwisho, ambalo miongozo ya mjini hailioni. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi za bonde la Kilombero huhamia mashambani na kulala vibandani kwa miezi. "Njoo kila wiki" ni agizo lisilotekelezeka kwa mtu anayepalilia mpunga ng'ambo ya mto uliojaa. Mnasihi aulize katika kikao kile cha kwanza: mwezi ujao utalala wapi, na simu hushika mtandao ukisimama wapi? Tarehe za vikao vinavyofuata zipangwe kwa majibu hayo.