Kilo 35 kwa sanduku, lakini masanduku mangapi kwa ndege?

JIONI ya Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747-400 ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani, ikiwa na watu wawili tu: rubani na rubani msaidizi. Dakika 22 baadaye, ikiwa katika anga inayosimamiwa na Bahrain, kengele ya moto ililia.

Hakuna aliyekwenda kuuzima moto huo. Sehemu kuu ya mizigo katika ndege za aina hiyo haina mtambo wa kumwaga kemikali ya kuzimia moto. Utaratibu uliopo ni kufunga hewa na kupunguza mgandamizo ili moto ukose oksijeni, kisha kutafuta uwanja wa kutua. Waongozaji wa ndege waliwajulisha marubani kwamba Doha ilikuwa karibu zaidi. Wao waliamua kurudi Dubai.

Moshi uliingia chumba cha marubani hadi wakashindwa kuona vipimo vya ndege. Hewa ya oksijeni ya rubani ikakatika, akaondoka kitini kuitafuta nyingine, na hakurejea. Rubani msaidizi alibaki peke yake, asiweze hata kubadili masafa ya redio kwa kuwa hakuona vitufe, akiongozwa kwa ujumbe uliopitishwa na marubani wa ndege nyingine zilizokuwa angani. Aliupita uwanja wa Dubai akiwa juu mno na kwa kasi mno, na ndege ikaanguka karibu na jiji hilo. Wote wawili walikufa.

Ndani ya ndege hiyo mlikuwa na betri za lithiamu zaidi ya 80,000. Ripoti ya mwisho ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyotolewa Julai 2013, ilieleza kwamba moto ulianzia kwenye shehena yenye betri hizo, ingawa kilichouwasha hakikuthibitishwa. Ilibaini pia kwamba angalau mizigo mitatu ilikuwa na betri zilizostahili kutangazwa kuwa bidhaa hatarishi, lakini nyaraka zake hazikusema hivyo.

Swali ambalo msomaji angetarajia lijibiwe mara moja ni hili: sheria iliruhusu betri ngapi katika ndege moja? Jibu ni kwamba haikuweka idadi.

Usafirishaji wa bidhaa hatarishi kwa ndege unaongozwa na Kiambatisho namba 18 cha Mkataba wa Chicago, pamoja na Maelekezo ya Kiufundi ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambayo hutolewa upya kila baada ya miaka miwili. Ndani ya maelekezo hayo mna jedwali refu la bidhaa, kuanzia rangi na asidi hadi risasi. Mbele ya kila bidhaa kuna viwango viwili: uzito unaoruhusiwa katika kifurushi kimoja ndani ya ndege ya abiria, na ule wa ndege ya mizigo pekee.

Kwa betri za lithiamu zinazochajiwa upya, zinaposafirishwa peke yake bila kifaa, kiwango kwa miaka mingi kilikuwa kilo 5 kwa kifurushi katika ndege ya abiria na kilo 35 katika ndege ya mizigo. Hicho cha kilo 35 kingalipo. Lakini vifurushi vyenyewe havina ukomo. Sanduku moja la kilo 36 ni kosa. Masanduku 500 ya kilo 35 kila moja ni shehena halali, mradi ufungaji, lebo na nyaraka viwe sawa.

Kanuni hii haikutungwa kwa uzembe. Ilitungwa wakati hofu kubwa ilikuwa vimiminika na gesi. Chupa ya asidi ikipasuka, ukubwa wa balaa hutegemea kilichokuwemo ndani ya chupa ile, hivyo ukikipunguza umepunguza balaa. Betri ya lithiamu ina tabia nyingine. Moja ikipata hitilafu hujipasha moto yenyewe, joto lake huichokoza ya pili, ya pili nayo huichokoza ya tatu, na ukuta wa boksi la karatasi si kizuizi. Gesi inayotoka humo huweza kulipuka. Majaribio ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) yalionyesha kwamba hata haloni, kemikali inayotumika kuzimia moto chini ya sakafu ya ndege za abiria, huua miali ya moto lakini haiuzuii mlolongo huo wa joto.

Ndipo unapoonekana udhaifu wa dhana ya pili iliyojificha katika jedwali lile. Ndege ya mizigo iliruhusiwa kubeba kingi zaidi kwa sababu ina watu wachache na kwa sababu ilidhaniwa kuwa wahudumu wake wanaweza kukifikia kifurushi chenye matatizo. Katika ndege ndogo dhana hiyo ina maana. Katika 747 iliyojazwa makontena na mapaleti kutoka pua hadi mkia, huku marubani wakiwa wawili, mwandishi wa makala haya anaona vigumu kuiita hata dhana.

Marekani ilikuwa na kanuni iliyokaribia kuzuia mrundikano. Inaweka ukomo wa kilo 25 za bidhaa hatarishi katika sehemu ya mizigo isiyoweza kufikiwa wakati wa safari. Hata hivyo, iliambatana na orodha ya vilivyosamehewa, na daraja la 9, ambalo ndilo la betri za lithiamu, lilikuwemo katika orodha hiyo.

Januari 2010, miezi minane kabla ya ajali ya Dubai, serikali ya nchi hiyo ilipendekeza kwamba katika ndege za mizigo betri hizo zipakiwe tu mahali panapofikika, au penye mtambo wa kuzimia moto, au katika makontena yanayohimili moto. Watengenezaji wa betri na wa vifaa vya elektroniki waliupinga mpango huo kwa hoja ya gharama. Februari 2012, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoizuia serikali kuweka masharti makali kuliko ya ICAO, isipokuwa pale ripoti ya kuaminika ya chombo cha serikali itakapoonyesha kwamba betri zilichangia moto ndani ya ndege. Kwa lugha nyepesi, ajali itangulie, kanuni ifuate.

Wakati sheria hiyo inapita, ajali ya pili ilikuwa imekwisha kutokea. Julai 28, 2011, Boeing 747 nyingine ya mizigo, ya Asiana ya Korea Kusini, iliangukia baharini karibu na kisiwa cha Jeju baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu na vimiminika vinavyowaka. Marubani wawili walikufa. Chanzo cha moto hakikupatikana.

Mabadiliko makubwa yalikuja Aprili 1, 2016, ICAO ilipopiga marufuku betri za kuchajiwa zinazosafiri peke yake kubebwa kama shehena katika ndege za abiria. Kwa ndege za mizigo sharti jipya lilikuwa chaji isizidi asilimia 30, kwa kuwa betri yenye chaji ndogo haiwaki kwa urahisi. Kuanzia Januari 1, 2026, sharti la asilimia 30 limewekwa pia kwa betri nyingi zinazofungwa pamoja na kifaa katika boksi moja.

Ni hatua nzuri, ila hakuna ofisa wa forodha wala mpakiaji anayeweza kuiona asilimia 30 kwa macho. Mashine ya kukagulia mizigo huonyesha umbo la betri tu. Msema kweli ni yule aliyejaza fomu.

Hapa ndipo suala linapotugusa. Bidhaa nyingi za elektroniki zinazouzwa Kariakoo na Nairobi hununuliwa Guangzhou au Dubai, na zenye haraka huletwa kwa ndege kupitia mawakala wanaochanganya mizigo ya wafanyabiashara wengi na kutoza kwa kilo. Simu yenye betri ndani yake inaruhusiwa katika tumbo la ndege ya abiria, kwa masharti. Betri ya akiba ya kuchajia simu haiko hivyo. Kisheria ni betri tupu, na kama shehena inapaswa kupanda ndege ya mizigo pekee, ikiwa na lebo yake ya rangi ya machungwa. Abiria anaweza kubeba ya kwake katika mkoba wa mkononi, isiyozidi saa-wati 100 bila kibali cha shirika, lakini katoni la biashara ni habari nyingine.

Tofauti hiyo ni ya fedha na ya siku. Kishawishi cha kuandika "vifaa vya simu" kwenye nyaraka kiko wazi, na katoni lililoandikwa hivyo haliguswi na ukomo wowote wa kilo. Mei 11, 1996, ndege ya abiria ya ValuJet iliungua na kuanguka Florida, ikiua watu 110, kwa sababu mitungi ya kuzalisha oksijeni ilipakiwa ikielezwa kuwa ni mitupu. Haikuwa mitupu.

Kuhusu mrundikano wenyewe, ICAO haijaweka namba hadi leo. Tangu Novemba 2020 inalitaka kila shirika la ndege lifanye tathmini yake la lenyewe ya hatari ya shehena inayobeba, ikiwamo wingi wa bidhaa hatarishi na namna zilivyosambazwa ndani ya ndege, chini ya usimamizi wa mamlaka ya nchi husika. Kwa Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA.

Baada ya Dubai, UPS ilinunua makontena yanayohimili moto na barakoa za oksijeni zinazofunika uso mzima wa rubani. Iliweza kumudu. Shirika lenye ndege moja ya mizigo iliyochakaa litafanya tathmini yake kwa karatasi hiyo hiyo, na kwa uwezo wake.