Mcheshi Hakatwi Vipande

Msomaji, yamkini umekwisha kukutana na Muyaka bin Haji katika kitabu cha shule. Ulipewa ubeti wake mmoja, ukaulizwa vina na mizani, ukaandika kwamba mshairi anatufunza subira au anatuonya juu ya hadaa za ulimwengu, ukapata alama zako, ukafunga kitabu. Ikiwa ndivyo, nakuambia bila kificho kwamba hujaonana na Muyaka. Umeonyeshwa kidole chake, ukaambiwa huyo ndiye mtu mzima. Hoja yangu ni moja: mshairi mcheshi hastahili kusomwa vipande vipande. Asomwe katika diwani yake nzima, pamoja na visa vilivyozaa mashairi yake na majibu aliyojibiwa.

Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, akafa yapata mwaka 1840. Aliishi katika zama za utawala wa Mazrui, walioishika Mombasa mpaka Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Ushairi mwingi wa kale uliotufikia kwa maandishi ni tenzi ndefu za dini na mawaidha. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne, akaliingiza katika kila jambo la mji: mapenzi, ukata, vita, fitina za wakubwa, na mafumbo ya marafiki barazani. Ndiyo sababu husemwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Ulimi wake ulikuwa mkali, na maneno yake yalishikwa na watu kwa kuwa yaliwachekesha yakiwachoma.

Tazama jinsi maneno hayo yalivyookolewa, ndipo utakapojua thamani yake. Muyaka hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, na vinywa hufa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah Al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880. Kazi yao ilitolewa kuwa kitabu na W. Hichens mwaka 1940, kwa jina la Diwani ya Muyaka, nacho kilipigwa chapa Johannesburg. Mshairi wa Mombasa alipata kitabu chake Afrika ya Kusini, miaka mia baada ya kuzikwa! Kisha mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa Nairobi kitabu kingine, chenye mashairi hayo, tafsiri yake kwa Kiingereza na habari za zama za mshairi. Je, watu hawa walitaabika hivyo ili sisi tuchague beti tano za hekima na kuziacha nyingine zote katika vumbi?

Wako watakaonijibu kwamba kijana anahitaji mafunzo, na kwamba mzaha ni mchezo wa wasio na kazi. Nao nawauliza: ni nani aliyewaambia kwamba mzaha haufunzi? Mnyonge hawezi kumkabili mwenye nguvu kwa upanga, lakini aweza kumfanya achekwe, na mkubwa aliyechekwa hulala vibaya usiku. Ukiondoa kicheko katika mashairi ya wazee wetu, utawafundisha vijana kwamba babu zao walikuwa watu wa kununa na kuhubiri tangu asubuhi hata jioni. Huo ni uongo juu ya wafu, na wafu hawawezi kujitetea.

Wengine watasema kwamba mashairi hayo ni magumu, na kwamba mengine yana maneno makali yasiyofaa. Ugumu wake nakubali. Lakini ugumu huo mara nyingi si wa lugha ya Kimvita peke yake. Unatokana na kukatwa kwa shairi kutoka katika kisa chake. Fumbo lililotungwa kwa ajili ya mtu fulani, siku fulani, juu ya jambo lililojulikana na mji mzima, halifumbuki likitupwa peke yake katika ukurasa mweupe. Mpe msomaji kisa chake, naye atacheka. Na kuhusu ukali, mfano mmoja watosha.

Mnamo mwaka 1812 au 1813 watu wa Mombasa na Pate waliwashambulia watu wa Lamu, wakashindwa vibaya huko Shela. Vita hivyo huitwa pia vita vya Kuduhu. Mashairi nayo yalipigana. Muyaka alikuwa ulimi wa Mombasa, na Lamu ilikuwa na ulimi wake, Bwana Zahidi Mngumi. Ukimsoma Muyaka peke yake, utadhani kejeli zake zilikata kila kichwa. Ukisoma na majibu ya Lamu, utaona kwamba naye alikatwa, na kwamba upande wake ndio ulioshindwa. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walitoa kitabu cha mashairi ya vita hivyo, cha pande zote mbili, na hivyo ndivyo inavyopasa. Mkono mmoja haupigi makofi. Mtu akikusomea tusi akakuficha jibu lake, hajakufundisha ushairi. Amekuingiza katika ugomvi usioujua.

Tena liko jambo la sauti. Mcheshi huchezea maneno, na maneno huishi sikioni. Kwa Mvita, paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamkwi sawa, wala kaa la moto na kaa wa pwani. La pili katika kila jozi hutamkwa kwa pumzi. Tahajia yetu ya kawaida haionyeshi tofauti hiyo. Hati ya Kiarabu iliyotumiwa zamani nayo ilikuwa na mitego yake: irabu o na u ziliandikwa kwa alama moja, hata koko na kuku huweza kuonekana neno lilelile. Basi mhariri wa diwani akiandika herufi tu bila maelezo, huenda akauzika mzaha mzima chini ya neno moja. Diwani njema humwambia msomaji neno hutamkwa vipi, lilimaanisha nini, lilisemwa kwa nani, na lilijibiwaje.

Sikatai mikusanyo ya mashairi teule. Mkusanyo ni mlango, na mlango ni kitu chema. Lakini mtu hajengi mlango akauita nyumba. Sikuahidi pia kwamba kila ukurasa wa diwani ni dhahabu. Utakuta shairi lililotungwa kwa haraka, na kejeli iliyopita kiasi. Hapo ndipo utakapomwona mtu mzima, mwenye njaa na hasira na mapenzi, wala si sanamu la hekima lililochongwa kwa ajili ya mtihani.

Kwa hiyo, msomaji, safari nyingine mwalimu akikupa ubeti mmoja wa Muyaka, mwulize kwa adabu: shairi hili lilianzia wapi, lilisemwa kwa nani, na nani alijibu? Nenda maktaba ukaiulizie diwani. Isipokuwapo, uliza kwa nini haipo, na usichoke kuuliza, kwani kitabu kisichoulizwa hakinunuliwi. Ukiipata, isome kwa sauti, karibu na mzee ajuaye lugha ya pwani. Na ikiwa mtaani kwenu yuko mtunzi ambaye watu hurudia maneno yake wakicheka, yaandike leo, pamoja na siku na kisa chake. Muyaka alibahatika kumpata Sikujua. Wengi wa wenzake hawakumpata mtu, na leo hatujui hata walichekea nini.