Kijana Ameanguka Ukutani



Juma lililopita mama mmoja wa hapa Sange alitujia jioni, akishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe alikuwa ameanguka kutoka juu ya kiunzi cha miti walipokuwa wakipandisha ukuta wa nyumba ya ghorofa, na paja lake likavunjika. Mwenye kazi alimpeleka kwa waganga, akalipa gharama za siku tatu, kisha akamtumia mama huyo fedha kidogo pamoja na karatasi ile, ili kijana atie kidole gumba chini yake. Ilikuwa imeandikwa kwamba amepokea msaada, na kwamba hana neno tena juu ya mtu yeyote.

“Mwalimu,” akatuuliza, “atie kidole ama asitie?”

Tulimjibu asitie kabla hajaelewa ni kitu gani anachokiacha. Na kwa kuwa tangu mafuriko ya mwezi wa Aprili 2020, yaliyobomoa nyumba nyingi kule Uvira, kujenga na kujenga tena hakukomi pande zetu hizi, twaona yafaa jambo hili tulieleze wazi. Vijana wetu wengi hawana shamba wala biashara. Wana mikono yao tu, nayo mikono hiyo huibebesha matofali na simenti za watu wengine.

Tuanze na neno lile “msaada”. Msaada ni kitu mtu anachotoa kwa moyo wake, naye aweza kukinyima. Malipo ya mtu aliyeumia kazini si hivyo, ni deni. Zamani, hata huko Ulaya, mfanya kazi aliyevunjika mguu alipaswa kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba bwana wake alikosa. Ni nani aliyeweza? Mashahidi wake walikuwa wakila mkate wa bwana yule yule. Ndipo Wajerumani mwaka 1884, na Wafaransa mwaka 1898, wakatunga sheria nyingine: aliyeumia kazini atalipwa kwa sababu ameumia kazini, bila kutafuta kwanza kosa ni la nani. Katika nchi yetu ya Kongo njia hiyo ilipangwa katika amri ya tarehe 29 Juni 1961, iliyoanzisha shirika la INSS. Leo inayotawala ni sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, na shirika lenyewe tangu mwaka 2018 laitwa CNSS.

Kwa sheria hiyo, ajali ya kazi ni ile inayompata mtu kwa sababu ya kazi yake au akiwa kazini, hata ile inayompata njiani akitoka nyumbani kwake kwenda kazini au akirudi. Basi yule kapita anayesema, “Aliteleza mwenyewe, hakuangalia,” hajasema neno la kumnyima kijana haki yake. Watu wote huteleza. Ni mwenye kujiumiza kwa kusudi ndiye anayeachwa nje. Tena fungu la fedha linalowekwa CNSS kwa ajili ya ajali hulipwa na mwenye kazi peke yake. Halikatwi katika mshahara wa mfanya kazi. Kutoka humo hutoka matunzo ya mganga, posho ya siku za kulala, na kama kilema kinabaki, malipo ya kudumu kwa kadiri ya kilema hicho.

“Lakini huyu hakuandikwa,” wasema wenye kazi. “Ni kibarua wa siku tu. Hana mkataba.”

Hapa ndipo watu wetu wengi hushindwa, wakainama na kwenda zao. Nasi twawaomba wasome pole pole. Kitabu cha sheria za kazi cha tarehe 16 Oktoba 2002 chataka mkataba uandikwe. Lakini ukikosa kuandikwa, mfanya kazi hapotezi kitu. Aweza kuthibitisha kazi yake kwa njia zote: kwa mashahidi, kwa daftari la kapita, kwa ujumbe wa simu, kwa fedha alizopokea. Na juu ya vibarua kifungu cha 40 kina hesabu yake: mtu anayeitwa siku kwa siku, akiisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa mfanya kazi wa muda usio na mwisho uliowekwa. Hata kama wote wanaendelea kumwita kibarua! Jina analoitwa shantieni halibadili hesabu ya siku.

Na mfanya kazi aliyeumia hafukuzwi papo hapo. Mkataba wake unasimama kama saa iliyosimama, haukuvunjika. Katika muda huo mwenye kazi ana wajibu juu ya matunzo na dawa, na mgonjwa ana haki ya theluthi mbili za mshahara wake. Linganisha hayo na zile siku tatu za hospitali.

Je, afanye nini? Kwanza mwenye kazi apashwe habari mara moja, na mbele ya watu. Mganga aombwe cheti kinachotaja siku, jeraha, na kwamba mtu aliletwa kutoka kazini. Cheti kinachosema “amevunjika paja” bila zaidi ni nusu ya cheti. Majina ya waliokuwapo yaandikwe siku ile ile, maana vibarua hutawanyika upesi: leo yuko Sange, kesho yuko Kiliba, keshokutwa amevuka kwenda Bujumbura. Kisha aende kwa mkaguzi wa kazi. Hapa wengi hukosea kwa kukimbilia tribinali. Sheria haikubali shauri la kazi lifike mbele ya hakimu kabla halijapitia kwa mkaguzi, ambaye huwaita wote wawili na kutafuta mapatano. Wakipatana, huandikwa, na maandiko hayo yana nguvu kuliko karatasi ile ya kidole gumba. Wasipopatana, ndipo shauri huendelea kwa mahakimu. Na mahali ambapo tribinali ya kazi haijawekwa, ni tribinali kubwa ya kawaida inayolisikiliza, kama ile ya Uvira. Madai ya mkataba wa kazi kwa kawaida hufa baada ya miaka mitatu. Miaka mitatu yaonekana mingi kwa mtu mwenye afya. Kwa mtu aliyelala na mguu uliofungwa hupita kama mvua ya asubuhi.

Twajua vizuri kwamba vita vya mwaka 2025, vilivyoingia Bukavu mwezi wa Februari na Uvira mwezi wa Desemba, vilivuruga ofisi na kutawanya watu. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuweka karatasi nyumbani, nakala mbili, moja kwa jamaa wa mahali pengine.

Kuna jambo moja linalotusumbua, nasi hatutalificha. Mara nyingi “mwenye kazi” si tajiri. Ni fundi mwashi wa mtaa wetu aliyechukua ujenzi mzima kwa bei moja, akawaita vijana watano wamsaidie. Hajui kwamba tangu siku ile amekuwa bwana wa kazi, na wajibu wote tuliotaja umemwangukia yeye. Akipatwa na ajali ya kijana mmoja, faida ya nyumba nzima imekwisha, na deni linabaki. Hatusemi asidaiwe. Twasema fundi huyo angehesabu gharama ya CNSS, na ya mbao imara za kiunzi, kabla hajamtajia mwenye nyumba bei. Wenye nyumba nao, wanaobishana mpaka bei ishuke chini ya gharama hizo, wanajua wanachofanya.

Ikiwa ajali imetoka katika uzembe ulio wazi, kama mti uliooza uliokwisha kuonyeshwa kapita naye akasema pandeni tu, mlango mwingine upo. Kanuni za makosa zilizotolewa mwaka 1940 zamwadhibu anayemjeruhi au kumwua mtu kwa kukosa uangalifu bila kukusudia; shauri hilo hupelekwa parke. Na sheria ya mapatano ya mwaka 1888, kifungu cha 258, yamtaka aliyemharibia mwenzake kwa kosa lake amlipe. Hiyo ndiyo njia hata ya yule aliyekuwa akisaidia jirani bila mshahara.

Na akifa? Mjane na yatima wana haki ya malipo, pamoja na fedha za mazishi. Lakini ofisi itauliza: mjane ni nani, na watoto ni wa nani? Ndoa ya ukoo isiyoandikishwa kwa mwandikishaji wa serikali, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, huwa vikwazo vikubwa siku hiyo. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 ni bure. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa ilitolewa siku ile ile ya tarehe 15 Julai 2016 pamoja na ile ya CNSS. Baba mwenye kupanda kiunzi asubuhi asingojee.

Turudi kwa mama yetu. Kijana hakutia kidole. Tulikaa naye kando ya kitanda, tukamwuliza siku moja moja: lini mlichimba msingi, lini yalikuja matofali, lini mvua iliwarudisha nyumbani. Rafiki yake alikuwa ameandika majina kwa ajili ya kapita, akaleta daftari. Tulihesabu mara mbili. Siku aliyoanguka ilikuwa ya 27, na tangu siku ya kwanza ilikuwa haijatimia miezi miwili. Barua kwa mkaguzi imekwisha kuandikwa, na cheti cha mganga kimeambatishwa. Fedha zile kidogo mama amezipokea, kwa maana dawa hazingoji. Ila kwenye daftari amemwandikia mwenye kazi kwamba ni sehemu ya kwanza.